Mche wa kitaluni, mche wa porini: Somo la wapenda dungusi kwa wafanyabiashara wa Custom

JUBA – Ukishuka Custom asubuhi, kabla jua la Juba halijakolea, utakuta watu wa kila upande wa jumuiya yetu. Mwenye vitunguu ametoka Uganda, mwenye vyombo vya plastiki anaongea na Nairobi kwenye simu, kijana wa bodaboda anagombea abiria kwa Kiarabu cha Juba, na Kiswahili kinapita katikati kama noti inayopokelewa kwenye kila meza.

Sasa tuseme mama mmoja mwenye kibanda hapo anataka kuongeza bidhaa. Wateja wake wa maofisini na hotelini wanamuulizia maua ya vyunguni, lakini maua ya kawaida hunyauka njiani. Rafiki yake wa Nairobi anamshauri alete dungusi, shubiri za mapambo na ile mimea ya majani manene. Haihitaji maji safarini, na hukaa ndani ya boksi siku kadhaa bila kudhurika.

Ushauri ni mzuri. Boksi linafungwa na kupandishwa basi. Linapita Busia au Malaba, linapita Kampala na Gulu, linafika Elegu. Ng'ambo ya pili ni Nimule, na kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami. Hapo ndipo mkaguzi anapofungua boksi na kuuliza maswali mawili: hii ni mimea gani, na imetoka wapi?

Mwenye majibu na karatasi zake anaendelea na safari. Asiye nayo anaweza kuacha boksi zima mpakani, pamoja na mtaji wake. Na kama ndani ya boksi kuna mche uliong'olewa porini kinyume cha sheria, atabaki na kesi ya kujibu.

Katika ukanda wetu wapo watu ambao wamekuwa wakijiuliza maswali hayohayo mawili kwa miaka mingi, tena kwa mapenzi tu. Ni wanachama wa chama cha wapenda dungusi na mimea inayohifadhi maji. Wanachofanya mwishoni mwa wiki kama burudani ndicho ambacho mfanyabiashara wa Custom anakihitaji kama kinga.

Chama kinachokutana bustanini

Jijini Nairobi kipo kikundi kinachoitwa Succulenta East Africa. Kiko chini ya mwavuli wa East Africa Natural History Society, chama cha maumbile kilichoanzishwa mwaka 1909 na ambacho leo wengi wanakijua kwa jina la Nature Kenya. Chama hicho mama kina uhusiano wa muda mrefu na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambako pia ipo bustani ya mimea ya aina hiyo.

Shughuli za chama cha namna hii hazina makuu. Wanachama hutembelea bustani za wenzao, hutoka kwenda kuiona mimea inapoota yenyewe kwenye miamba na nyika, hufundishana majina, na hubadilishana vipande na miche. Mmoja huleta chipukizi la shubiri, mwingine humpa pingili ya mmea ambao mwenzake hana. Kila mche hubandikwa kibao kidogo chenye jina lake na mahali asili yake ilipotoka.

Kibao hicho kidogo ndicho kiini cha habari yetu. Kwa mpenzi wa mimea, mche usio na kibao umepoteza nusu ya thamani yake. Kwa mfanyabiashara, mche usio na jina wala asili hauna wa kuutetea mpakani.

Elimu hii ina mizizi mirefu Afrika Mashariki. Katika miaka ya kuanzia 1938, Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea katika makumbusho ya Nairobi, ambayo wakati huo yaliitwa Coryndon, alizunguka ukanda huu akikusanya na kuandika habari za mimea inayohifadhi maji. Mke wake wa wakati huo, Joy, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Joy Adamson kwa habari za simba Elsa, aliichora mimea ya Kenya kwa rangi. Miaka ya karibuni, Profesa Leonard Newton wa Chuo Kikuu cha Kenyatta alikuwa miongoni mwa wataalamu wanne walioandika kitabu kikubwa cha shubiri zote za dunia, kilichotolewa mwaka 2011 na bustani ya Kew ya Uingereza.

Dungusi ni mgeni, shubiri ni mwenyeji

Kwanza tuelewane kwa maneno. Wauza maua wa Nairobi huiita mimea hii yote sakulenti, yaani mimea inayohifadhi maji katika majani, shina au mizizi yake. Dungusi, au kaktasi kama wengine wanavyosema, ni familia moja tu ndani ya kundi hilo kubwa.

Wengi hushangaa kuambiwa kwamba dungusi si mzaliwa wa Afrika. Asili ya familia nzima ni bara la Amerika. Ni spishi moja tu, Rhipsalis baccifera, isiyo na miiba mikali na inayoning'inia kwenye miti ya misituni, ambayo huota yenyewe pia upande wetu wa dunia. Hata mpungate, ambao watoto wengi wa Kenya wamekula matunda yake, uliletwa.

Ile miti mikubwa yenye mikono na miiba unayoiona nyikani, ukadhani ni dungusi, kwa kawaida ni ya jamii ya mnyaa. Namna ya kuitambua ni rahisi: mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo ni hatari kwa macho na ngozi, kwa hiyo anayeukata avae glavu na asijipanguse uso.

Wenyeji wetu halisi ni mnyaa, shubiri, waridi la jangwani na zile zenye majani marefu kama panga zinazoitwa sansevieria. Kenya peke yake ina zaidi ya spishi 50 za shubiri. Neno shubiri lenyewe lina undugu na neno subira, kwa kuwa yote mawili yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Msemaji wa Kiarabu cha Juba hatapata shida kulielewa.

Jambo hili la mgeni na mwenyeji linagusa pia mfuko. Mche wa kigeni ambao umezalishwa vitaluni kwa vizazi vingi ni rahisi kuonyesha kwamba haukuibwa porini. Mche wa kienyeji, ambao pori lake liko kilomita chache kutoka barabarani, ndio unaotiliwa shaka. Ni huo huo ambao kijana wa kijijini atakuuzia kwa bei ya chini sana, mizizi ikiwa bado na udongo mwekundu wa mlimani.

Sheria inasemaje

Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kwa kifupi kama CITES, ulitiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975. Wengi wanaujua kwa sababu ya pembe za ndovu. Wachache wanajua kwamba unahusu pia mimea ya vyunguni.

Takriban familia yote ya dungusi imo katika orodha za mkataba huo. Shubiri zote zimo pia, isipokuwa moja: Aloe vera, ile ya kawaida inayolimwa kwa sabuni na mafuta ya nywele. Jamii ya mnyaa yenye mashina manene nayo imo. Kuwemo katika orodha hakumaanishi biashara imepigwa marufuku. Kwa spishi nyingi kunamaanisha kwamba kuvuka mpaka kunahitaji kibali, na kibali hutolewa kwa urahisi zaidi kwa mmea uliozalishwa kitaluni.

Zipo pia bidhaa zilizosamehewa. Vile vidungusi vyenye kichwa chekundu au cha manjano vilivyopandikizwa juu ya shina la kijani, ambavyo hupendwa sana kama zawadi, ni mfano mmoja. Kichwa hicho hakina rangi ya kijani ya kujitengenezea chakula, kwa hiyo hakiwezi kuishi bila shina lililo chini yake. Ni kazi ya mikono ya watu wa vitaluni, hakipatikani porini, na ndiyo maana kimesamehewa. Sansevieria kwa jumla haimo katika orodha hiyo.

Kwa nini ulimwengu ujisumbue na mimea midogo namna hii? Tazama Afrika Kusini. Tangu mwaka 2019 vyombo vya dola huko vimekamata zaidi ya mimea milioni moja ya sakulenti iliyong'olewa jangwani, mingi ikiwa midogo kama kokoto. Kuna spishi zinazoota kwenye kilima kimoja tu. Mtu mwenye gunia na siku moja ya kazi anaweza kuimaliza isionekane tena duniani.

Kenya nayo imeonyesha kwamba haidharau vitu vidogo. Mwezi Mei mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja watu wanne waliokutwa na sisimizi wa porini waliowekwa kwenye vichupa. Ikiwa sisimizi ana kesi, shubiri ya mlimani haitakosa.

Funzo la shubiri ya Baringo

Biashara ya shubiri nchini Kenya inatufundisha jinsi mambo yanavyoweza kuharibika, na jinsi yanavyoweza kutengenezwa.

Kwa miaka mingi watu wa Baringo, Laikipia, Samburu na Turkana walikuwa wakikata majani ya shubiri za porini, wakikinga maji yake machungu, wakayachemsha hadi yakawa gundi nyeusi ngumu. Gundi hiyo iliuzwa kwa madalali na kusafirishwa nje. Mkataji alipata kidogo, dalali alipata kingi, na vilima vikabaki vitupu.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alitoa amri ya kupiga marufuku uvunaji wa shubiri za porini. Nia ilikuwa njema, lakini biashara haikufa, ilijificha tu. Mkataji alizidi kupunjwa, maana mtu anayeuza kwa siri hawezi kubishana bei wala kwenda polisi akidhulumiwa.

Mwaka 2007 zilitolewa kanuni mpya zilizofungua njia ya kulima na kuzalisha shubiri kwa kibali. Huko Koriema, Baringo, kikajengwa kiwanda ili wakulima wauze majani waliyopanda wenyewe. Katika Laikipia vikundi vya akina mama navyo vimelima Aloe secundiflora na kuuza majani yake kwa watengenezaji wa vipodozi.

Tofauti kati ya miaka ile na hii si mmea. Shubiri ni ileile. Tofauti ni kwamba aliyepanda anaweza kuonyesha shamba, na aliyeng'oa hana cha kuonyesha.

Kipande kimoja, vyungu kumi

Hapa ndipo chama cha wapenda dungusi kinapomfaa mwenye kibanda. Ubadilishanaji wa vipande unawezekana kwa sababu mimea hii huzaa upesi mikononi mwa anayejua. Mtu mwenye miche mama michache hana haja ya kununua boksi kila mwezi. Anaweza kufuga miche yake mwenyewe nyuma ya nyumba.

Historia yetu ina mfano mkubwa wa jambo hilo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba ya mkonge ya Tanganyika, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalikuwa yakitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Faida ya kwanza iliwaendea wakoloni, na jasho likawa la manamba. Hata hivyo hesabu ya mmea inabaki palepale: 62 zilitosha.

Mbinu ni chache na hazina gharama. Aloe vera hutoa machipukizi pembeni; yatenganishe yakishakuwa na mizizi yake. Kipande cha dungusi au mnyaa kisipandwe siku kilipokatwa. Kiache kivulini wiki moja au zaidi hadi kidonda kikauke, maana kikipandwa kibichi kitaoza. Sansevieria huota hata kwa kipande cha jani. Hata hivyo ile yenye ukingo wa manjano, ambayo wateja huipenda zaidi, ikioteshwa kwa jani hurudi kuwa ya kijani tupu. Ukitaka ukingo ubaki, gawa shina lake la chini ya udongo.

Shubiri nyingi za kienyeji, kama Aloe secundiflora, hazitoi machipukizi kwa wingi, kwa hiyo huoteshwa kwa mbegu. Hapo ndipo subira inapotakiwa, na hapo ndipo wenye haraka hukimbilia porini na jembe.

Juba si Nairobi

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juba haifiki mita 600. Mmea unaopendeza kwenye barabara ya Ngong unaweza kufa Custom ndani ya wiki chache, na mteja atakurudishia chungu mbele ya wateja wengine.

Yale maua ya majani yaliyopangika kama waridi, yanayoitwa echeveria, asili yake ni nyanda za juu za Mexico. Yanapenda usiku wa baridi, na Juba hakuna. Yaache, au yauze kwa mwenye chumba chenye kiyoyozi. Sansevieria na waridi la jangwani huvumilia joto bila shida. Waridi la jangwani ni mzaliwa wa ukanda huu, na linaota porini hata Sudan Kusini kwenyewe. Usilifuate huko. Lioteshe kwa mbegu kutoka mche wa kitaluni, na uwaonye wenye watoto kwamba utomvu wake una sumu. Katika sehemu kadhaa za Afrika ulipakwa kwenye mishale.

Adui mkubwa wa mimea hii mjini Juba ni mvua, kuliko hata ukame. Kuanzia Aprili hadi Oktoba, chungu kisicho na tundu hugeuka kisima na mizizi huoza. Tumia chungu chenye matundu, changanya udongo na mchanga wa mtoni na kokoto ndogo, kisha kiweke chini ya paa mvua zinapokaza. Wakati wa kiangazi mwagilia pale tu udongo unapokauka kabisa.

Yapo mambo mengine mawili ya kuwaambia wateja ukweli. Kwanza, si kila shubiri ni dawa. Aloe ballyi, iliyopewa jina la yule Bally wa Nairobi na inayoota kusini-mashariki mwa Kenya na kaskazini-mashariki mwa Tanzania, ina sumu. Asiyeijua shubiri yake kwa jina asiinywe wala asimnyweshe mtu. Pili, usipeleke mpungate mahali usipokuwepo. Laikipia wanaujua mkasa huo: mpungate ulioletwa zamani kama ua na mapambo umefunika malisho, na miiba yake huumiza midomo na matumbo ya mifugo.

Karatasi kabla ya boksi

Wapo wanaodhani kwamba jumuiya yetu imefuta mipaka yote. Ni kweli kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016, ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Utaratibu huo hurahisisha ushuru kwa bidhaa za jumuiya zilizo katika orodha iliyokubaliwa. Haufuti ukaguzi wa afya ya mimea, na haufuti mkataba wa CITES.

Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio. Kabla ya kununua, uliza upande unakopeleka mzigo: wizara ya kilimo inataka kibali gani cha kuingiza mimea? Kibali hicho ndicho kinachomwongoza mkaguzi wa nchi unakonunua. Kwa Kenya, cheti cha afya ya mimea hutolewa na KEPHIS, na vibali vya CITES hushughulikiwa na shirika la wanyamapori, KWS. Kwa kuwa mzigo unapita Uganda, ulizia pia masharti ya kupitisha.

Nunua kwenye kitalu kinachotoa risiti yenye majina ya mimea na idadi yake. Osha mizizi udongo wote utoke, kwa sababu udongo hubeba wadudu na magonjwa, na nchi nyingi haziuruhusu kuvuka. Hapa sakulenti zina bahati: huweza kusafiri mizizi mitupu, zikiwa zimefungwa kwa gazeti kavu, na zikafika salama. Bandika jina kwenye kila fungu kama wanavyofanya wanachama wa chama.

Ukikutana na anayekuuzia shubiri kubwa, nzee, yenye makovu na mizizi iliyokatwa kwa panga, muulize ilikuwa kitalu gani. Akikosa jibu, mwachie mzigo wake. Bei yake ni ndogo kwa sababu hasara yote amekuachia wewe.

Kuanzisha chama hakuhitaji jengo wala mfadhili. Wenye vibanda watatu wa Custom, kila mmoja na miche mama mitano, wakikutana mara moja kwa mwezi kubadilishana vipande na kuandika vibao, wameshaanza. Baada ya mwaka mmoja yule mama wa vyombo vya plastiki hatasubiri tena boksi la Nairobi. Na mkaguzi, au mteja, akimuuliza mche huu umetoka wapi, atanyoosha kidole nyuma ya kibanda chake.